Andika malaria

Tangu Jumanne kuna maneno mawili hayataki kunitoka. Nikisonga ugali yapo, nikimsuka Salma yapo. Jana Baba Salma aliniuliza mbona namjibu maswali ambayo hajayauliza.

Nilikuwa kwa Mama wa Utumishi wa kampuni yetu ya matangazo nikisubiri anisainie fedha za kukodi kamera. Akaingia binti wa michoro, yule aliyechora mabango yote ya Ramadhani peke yake. Akaamkia, akakaa ukingoni mwa kiti, fomu ya ruhusa mkononi.

"Mama, hapa penye ugonjwa niandike nini?"

"Kwani unaumwa nini, mwanangu?"

"Silali. Nikifungua kompyuta mikono inatetemeka. Jana nimelia chooni mpaka mlinzi akaja kugonga mlango."

Mama akavua miwani. Akamshika mkono, akatupia jicho mlangoni, akashusha sauti.

"Pole, mwanangu. Andika malaria."

Na binti akaandika.

Angemkaripia, ningejua hasira yangu niielekeze wapi. Lakini ilikuwa huruma tupu, ya mzazi kwa mtoto. Usiku nalala namrudia: miwani, mkono, lile jicho la mlangoni. Namwekea maneno mengine mdomoni. "Andika ulivyoniambia." "Nenda hospitali, cheti nitakipokea mimi." Yananoga, kisha nasikia tena malaria.

Malaria ina kipimo. Tone la damu kidoleni, unasubiri kidogo, majibu haya hapa. Kwa hiyo binti asiyelala sasa atafute wa kumwandikia majibu ya uongo? Na hata akipata, mwisho wa mwaka faili litasema malaria, ofisi itapuliza dawa ya mbu, na kinachomuumiza kitabaki palepale: maoni ya mteja yanayoingia WhatsApp saa nne usiku, kazi itakiwe asubuhi, marekebisho ya bango raundi kwa raundi, mpaka ile ya mwisho inarudisha tulichopeleka mwanzo. Msimu ule wa Ramadhani nilimwacha mezani usiku, asubuhi nikamkuta na nguo zilezile.

Nimeifungua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili, zilizobaki kwa nusu mshahara. Inataka cheti cha daktari. Haisemi ugonjwa wa kichwa kilichochoka haumo. Sheria hiyohiyo inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na za ziada zisizidi 50 katika wiki nne. Sijawahi kuona mtu akizihesabu kwetu.

Najua kwa nini tunaficha. Sisi tunauza mawazo, na mtu wa matangazo kukiri kuwa kichwa kimegoma ni kama dereva kukiri haoni. Kesho yake kazi nzuri za wateja anapewa mwingine. Lakini kuficha kunaua. Matsuri Takahashi alikuwa na miaka 24, mfanyakazi wa kampuni ya matangazo ya Dentsu, Tokyo, alipojiua siku ya Krismasi 2015. Mwaka uliofuata mamlaka za kazi za Japani zilikubali kuwa kilichosababisha ni kazi kupita kiasi. Ndani ya mwezi mmoja alikuwa na saa za ziada zaidi ya 100. Baadaye kampuni ikaanza kuzima taa saa nne usiku. Nimeziwaza sana taa hizo. Kwetu zikizimwa, laptop inapanda daladala na mwenyewe. Anayetakiwa ni mtu wa kumwambia mteja, "Raundi zako zimeisha, tuonane kesho."

 

Alhamisi jioni Mama alinikuta kwenye ngazi, nikashindwa kunyamaza. "Mama, lile la malaria limenikaa moyoni."

Akaegemea ukuta. "Mwaka niliofiwa na baba watoto niliandika taifodi. Wiki mbili. Nani angenisainia ruhusa ya kulia?"

Sikuwa na la kumjibu. Hasira yote ya wiki ikayeyuka, ikabaki hamu ya kumkumbatia, nami nikamkumbatia palepale, wahasibu wakipita. Akaniambia, "Mpigie mwenzio. Amwone daktari, alete cheti cha kweli. Nitakipeleka kwa bosi kwa miguu yangu."

Ijumaa kililetwa. Mama akaichana ile fomu, bosi akasaini mapumziko, na mimi nikafurahi mpaka chakula cha mchana hakikupita. Kuhusu ujumbe wa usiku bosi amesema atalifikiria. Jumatatu namuuliza tena, na Jumanne pia, maana kupumzisha mtu halafu kumrudisha kwenye usiku uleule si kumsaidia.

Sasa hivi mama yangu amepiga kutoka Tanga. Ile hela ya ada niliyomtumia mdogo wangu wa mwisho, inasemekana imetangulizwa kununua bodaboda, na chuo kinafunga usajili wiki ijayo. Simu ya mdogo wangu haipatikani tangu asubuhi.