Masika haya tumeishi kwa mayai, na mtoto kakubali kula

Mimi kwetu Tanga ila nimeolewa Arusha, tunakaa Moshono. Mume wangu anapeleka wageni porini, kwahiyo mwezi wa nne mvua zikishika kazi zinasimama na hela inakata. Nyama tukaacha, nikaanza kuchukua trei kwa jirani anayefuga kuku wa mayai, mayai 30 kwa wiki na tupo watano.

Siku ya kwanza nikachemsha dakika 10 kama nilivyozoea kwetu, kupasua nakuta kiini bado kibichi. Nikadhani mkaa ndo mbaya, kesho yake ikawa vile vile. Mama mkwe akaniambia mwanangu, huku ni juu, maji yanachemka upesi lakini hayana moto kama wa pwani. Na ni kweli kabisa, Arusha ipo kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Sasa hivi nahesabu dakika 13 na yanaiva vizuri. Jingine nililojifunza, yai lililotagwa leo usilichemshe, ganda linang'oka na nyama yake, yale mapya nakaanga, ya kuchemsha nayaacha wiki nzima.

Kazi ilikuwa kwa mtoto wetu mdogo wa mwaka na nusu. Yai akilisikia tu harufu anageuza uso, ukimlazimisha anatema, na alikuwa amepungua mpaka kliniki wakaniuliza namlisha nini. Nikafikiria mtori maana huo anaupenda. Mara ya kwanza nikapasua yai moja kwa moja kwenye sufuria likawa nyuzinyuzi, akatema yote. Mara ya pili nikalipiga kwenye bakuli, nikachota mtori wa moto kidogo kidogo namimina huku nakoroga, likishapata joto ndo nikarudisha lote kwenye sufuria, moto mdogo, nikaendelea kukoroga kama dakika 5 liive kabisa. Jamani alimaliza bakuli na akanyoosha mkono anataka tena, nilikaa pale jikoni nikalia.

Sisi wakubwa jioni ni mchuzi. Mayai yakishachemshwa nayachoma choma kwa uma, nayapitisha kwenye mafuta na binzari mpaka yawe na rangi, halafu yanaingia kwenye rosti nzito ya nyanya, kitunguu, hoho na karoti, na ugali hapo huulizi nyama. Siku nyingine napasulia mawili kwenye mnafu, ule uchungu unapoa.

Kilichoniumiza ni wifi yangu, ana mimba ya miezi sita na alikuwa hagusi yai, kaambiwa mtoto atazaliwa hana nywele. Nikamwambia wifi hiyo sio kweli, yai moja lina protini gramu 6 hivi, na kwenye kiini kuna vitamini B12 na kolini inayosaidia ubongo wa mtoto, wewe ndo unayahitaji kuliko sisi wote humu ndani. Hakuniamini mpaka alipoenda kumuuliza nesi mwenyewe. Siku hizi asubuhi anapita kwangu kabla ya kwenda sokoni Kilombero, namuwekea mawili yaliyoiva mpaka ndani, anakula na chumvi kidogo amesimama mlangoni.