Mtoto wa gramu 1,500: jinsi tulivyomkuza hapa Bukavu bila maziwa ya kopo

Kila aliyekuja Kadutu kumwona binti yangu alikuja na shauri lake. Jirani wa juu alisema nimpe maji ya sukari apate nguvu. Jirani wa chini alisema maziwa yangu ni mepesi, ninunue ya kopo. Shangazi wa mume wangu alitaka tumkorogee uji mwembamba, tumpe kwa biberoni, ile chupa ya kunyonyea, yenye tundu kubwa. Najua walimtakia mema, lakini mpaka leo nikikumbuka nakasirika. Mtoto aliyezaliwa wiki ya 32 na gramu 1,500 hana tumbo la kupokea uji. Na kila kijiko cha maji ya sukari kinakalia nafasi ya kijiko cha maziwa, katika tumbo ambalo nafasi yenyewe ni ndogo mno.

Maziwa nilikuwa nayo. Binti yangu alikosa nguvu za kuyavuta. Mama mwenye mtoto wa namna hii asikie hilo kabla ya neno lingine lolote, kwa sababu wengi wanaambiwa kifua chao ni kikavu, wanalia, wanakata tamaa, na maziwa yanakauka kweli.

Ya hospitalini nitayapitia haraka. Alilishwa kwa sonda, ule mrija mwembamba wa puani, kwa maziwa niliyoyakamua kwa mkono. Mtoto hujua kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpango mmoja kuanzia karibu wiki ya 34 ya ujauzito, na wangu hakuwa amefika huko. Kuveze, zile mashine za kuwapasha joto watoto njiti, zilikuwa chache kuliko watoto, kwa hiyo sisi mama ndio tulikuwa kuveze: mtoto uchi na pampasi na kofia, kifua kwa kifua, amefungwa kwa kikwembe. Muuguzi mmoja wa zamu ya usiku, Mungu ambariki, alitueleza kwamba njia hiyo ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, na Dokta Edgar Rey Sanabria, kwa shida ileile ya watoto wengi na kuveze chache. OMS nayo, yaani Shirika la Afya Duniani, tangu 2022, inashauri mtoto mdogo akae hivyo saa 8 hadi 24 kwa siku, hata akiwa nyumbani.

Tuliendelea nayo nyumbani bila kuona haya. Bukavu iko juu, karibu mita 1,500, na usiku wa mvua baridi inapanda kutoka ziwani mpaka kitandani. Mtoto akipata baridi, maziwa anayokunywa yanaishia kumpasha joto, hayabaki ya kumnenepesha. Mume wangu alimbeba kila jioni mimi nikioga na kula. Rafiki zake walimcheka. Yeye aliwafungulia mlango akiwa amemfunga mtoto kifuani, akawakaribisha viti.

Sasa nije kwenye shida yenyewe. Siku ya kutoka niliambiwa na mtu wa pale: mnyonyeshe anapotaka. Kwa mtoto aliyetimiza miezi tisa tumboni, shauri hilo ni zuri. Huyu wangu hakutaka chochote. Angeachwa angelala mchana kutwa, na nyumba nzima ingesifu upole wake. Nilimwamsha kila saa tatu: namfungua nguo, napangusa nyayo kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, nambadilisha pampasi. Anashika titi, anavuta kidogo, macho yanafumba. Nakandamiza titi taratibu maziwa yamfikie, anameza mara mbili tatu, analala tena. Saa nzima inapita hivyo. Tukimaliza, muda wa kuanza tena umeshakaribia, na yeye amechoka kuliko alivyoamka. Nilishikilia njia hiyo kwa siku nyingi, na mizani haikusogea. Karatasi yake ilikuwa na gramu 1,600 na ikabaki pale, wakati mtoto wa uzito huo anatarajiwa kuongeza kama gramu 15 kwa kila kilo yake kila siku.

Hapa niseme neno juu ya mizani. Kituo kimoja walimpima na nguo, kingine bila nguo, na karatasi ikaonyesha amepungua. Nilikataa kuipokea. Chagua mizani moja, mtoto apimwe uchi, kabla ya kula, na uangalie kwamba sindano inasimama kwenye sifuri kabla hajawekwa. Wakikununia, wanune.

Kilichotuokoa ni kikombe kidogo, kile kinachokuja juu ya chupa ya dawa ya maji, chenye alama za mililita. Bei yake si kitu, na kinaoshwa na kuchemshwa kwa urahisi, tofauti na biberoni ambayo uchafu hujificha kwenye chuchu yake, hasa siku bomba likikauka na maji yakipandishwa kwa madumu. Unamkalisha mtoto nusu wima, unamshika kichwa na shingo, ukingo wa kikombe unakaa kwenye mdomo wa chini, na unainamisha mpaka maziwa yaguse mdomo tu. Usimimine. Anatoa ulimi mwenyewe, anaramba kama paka. Mara ya kwanza kumwona akiramba nililia kwa furaha.

Nilipiga hesabu na dokta: mililita 160 kwa kila kilo kwa siku, mara kilo 1.6, inatoa 256. Ukigawa kwa milo minane, ni 32 kila saa tatu. Basi nikaweka utaratibu. Ananyonya kwanza, dakika kumi au kumi na tano, kabla hajachoka. Kinachobaki anapewa kwa kikombe. Kisha nakamua kwa ajili ya mlo unaofuata, hata usiku wa manane, kwa sababu homoni ya kutengeneza maziwa huwa juu zaidi usiku, na titi lisilotolewa maziwa linaacha kuyatengeneza.

Mama mkwe hakuridhika. Yeye ni mtoto wa wafugaji wa Kabare, na kwake dawa ilikuwa maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji. Sikutaka kubishana na mtu mzima. Nilichukua glasi mbili. Ya kwanza nikaiwekea maziwa yanayotoka mwanzo wa kukamua, ya pili yale ya mwisho, titi likiwa karibu kuisha. Nikazifunika, nikaziacha mezani usiku kucha. Asubuhi nikamwita: «Mama, njoo uone.» Kwenye glasi ya kwanza, utando wa mafuta ulikuwa mwembamba. Kwenye ya pili ulikuwa mnene, wa manjano kidogo, umekaa juu kabisa. Aliinua glasi, akaigeuza kwenye mwanga, akanyamaza kidogo. Kisha akasema: «Mwanangu, ng'ombe pia ni hivi. Ya mwisho ndiyo ya siagi. Mtoto wa mchungaji hawezi kudanganywa kwa jambo hili.» Glasi zote mbili tulizimwaga, maana maziwa yaliyokaa usiku mzima bila friji hayapewi mtoto, kwenye ubaridi wa chumba nayatumia ndani ya saa nne.

Tangu asubuhi ile yeye ndiye aliyewajibu jirani. Tena ndiye aliyesimamia kazi: nikianza kukamua, ya mwanzo yanaingia chombo chake na kuwekwa kando, ya mwisho yanakwenda kwenye kikombe cha mtoto, na yale ya mwanzo anapewa baadaye akishiba ya mafuta. Dokta alikubali tufanye hivyo kwa muda, mradi maziwa yangu yanazidi anachoweza kunywa. Mama mkwe alinipikia sombe (majani ya muhogo) na sambaza (samaki wadogo wa ziwani) kila siku, na akakataza mtu yeyote kuniambia kifua changu ni kikavu.

Mizani ikaanza kupanda. Kwanza gramu chache, halafu ishirini na zaidi kwa siku. Alipopita kilo mbili alikuwa anamaliza titi mwenyewe, na kikombe kikarudi kabatini polepole, mlo mmoja baada ya mwingine.

Mambo mawili watu huyasahau. Matone ya madini ya chuma: mtoto huweka akiba yake ya chuma hasa katika miezi mitatu ya mwisho tumboni, na huyu hakuipata, kwa hiyo dokta ndiye anapanga kiasi. Na chanjo zinahesabiwa tangu siku aliyozaliwa, usisubiri anenepe kwanza. Jirani wa chini alinisihi nisubiri, nikampeleka wiki ya sita hivyohivyo. Ila mtoto akikataa kula ghafla, akiwa baridi au moto, akihema haraka, au akitapika kijani, acha kikombe, acha hesabu zote, panda pikipiki uende hospitali usiku huohuo.