Subaru ya turbo ilivyopita kupimwa moshi

Hii Forester niliinunua ikiwa imeshafanyiwa mambo, katalitiki (ile ya kusafisha moshi kwenye eksozi) imetolewa, eksozi ni bomba tupu mpaka nyuma, na kompyuta imeprogramiwa imwage petroli nyingi ndio ivute. Kupimwa moshi ikaanguka, kaboni monoksidi iko juu sana, ukipitisha kidole ndani ya bomba kinatoka na masizi meusi tititi.

Fundi wetu wa Shabab hapa Nakuru akasema usikimbilie katalitiki kwanza, ile kitu inafanya kazi sawa tu kama hewa na petroli ziko karibu 14.7 kwa 1, ukiilisha petroli isiyoungua inachemka mpaka masega ya ndani yanayeyuka. Kwa hivyo tukarudisha programu ya kampuni, plagi mpya, sensa ya oksijeni mpya (ile inapima moshi kwenye eksozi), halafu sasa katalitiki (hapo mfuko ulilia, wacha tu). Kulikuwa na kichuma cha kudanganya sensa ya nyuma isijue katalitiki haipo, hicho tukatupa.

Siku ya kupimwa niliizungusha mpaka Njoro na kurudi, maana katalitiki baridi haisafishi kitu, inataka kama digrii 300 hivi. Ikapita. Kupanda Salgaa inavuta kidogo chini ya zamani, lakini harufu ya petroli ndani ya gari imeisha.