Hiki kiua jamani
Jana nimenunua boronia hapa Perth, Australia, kichaka kidogo tu cha ukoo mmoja na ndimu na machungwa, vimaua vyake kama vikombe vimeinamia chini, nje kahawia kama chai ya rangi, ndani njano, ukikiona huwezi hata kukidhania. Aisee harufu! Nyumba nzima inanukia, halafu shemeji yenu ananusa eti hasikii kitu, nikajua ananitania, kumbe kweli, kuna kemikali humo inaitwa ayononi, wengine pua zao haziipati kabisa, pole yake. Cha mwaka jana kilinifia, nilikiacha kikauke udongo, na kwao kule kusini magharibi kinaota kwenye majimaji. Hiki sasa nakimwagilia asubuhi na jioni kama nalea kichanga 😂