Ng'ombe wa baba hawakulala zizi moja

Nina steshenari Nyegezi, jijini Mwanza, si mbali na stendi ya mabasi. Napiga kopi, naprinti, naskani, nabaindi ripoti za wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT, nawajazia watu maombi ya kazi mtandaoni. Mwaka wa kumi na mbili huu, na hazipiti siku mbili sijaulizwa swali lile lile: "Mama Neema, ile CV yangu bado unayo?"

Ninayo. Ninayo ya kwako, ya mdogo wako, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto uliyemwandikisha chekechea miaka minne iliyopita. Kwenye kompyuta ya kaunta kuna folda inaitwa WATEJA, ndani yake mna folda za "Kaka Bodaboda Mkolani" na "Dada wa Dagaa Kirumba". Hakuna aliyenilipa nitunze. Walikuja kuprinti, wakaenda zao, faili likabaki. Sikujua kwamba kazi hiyo ina jina: mimi ni wingu la mtaa, maana wingu ni kompyuta ya mtu mwingine inayokutunzia faili kupitia mtandao.

Vijana wanaokuja dukani hubishana sana juu ya mambo haya. Mmoja anasema weka kila kitu kwenye wingu la kampuni kubwa ulale usingizi. Mwingine, aliyesoma sana mitandaoni, anasema hifadhi iliyogatuliwa ndiyo mpango mzima, yaani faili zitawanywe kwenye kompyuta za watu wengi badala ya kampuni moja, kila mtu amiliki data yake. (Kugatua! Neno tulilolizoea kwenye hotuba za halmashauri, leo limefika mpaka kwenye picha za harusi.) Mimi huwa nanyamaza, napanga karatasi. Lakini nimekaa pande zote mbili, nami nina la kusema.

Mwaka 2023 nilinunua simu mpya. Nikataka kuingia kwenye akaunti yangu ya wingu, kampuni sitaitaja. Nywila naijua kwa kichwa. Wakasema sawa, ila tunatuma namba ya uthibitisho kwenye laini yako ile inayoishia na 71. Laini hiyo niliiacha zamani, na laini ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, namba akauziwa mtu mwingine. Nikapiga. Akapokea mwanaume, nasikia kuku na redio nyuma yake. Nikamweleza kwa upole: kaka yangu, kuna ujumbe utaingia kwako una tarakimu sita, naomba unisomee.

Alinicheka kwanza. Halafu akaniwakia: "Yaani matapeli siku hizi mnatumia sauti za akina mama!" Akakata. Na alikuwa sahihi kabisa. Hata mimi ningemkatia.

Nikajaza fomu ya kurudisha akaunti, ikajibu mashine. Nikajaza tena, ikajibu mashine ile ile, maneno yale yale. Hakuna ofisi ya kwenda kukaa kwenye benchi na kitambulisho mkononi mpaka mtu aone aibu akuhudumie. Siku ya kumi na tisa ndipo Neema alipokumbuka tableti yake ya zamani, iliyopasuka kioo, iliyokuwa imetupwa kabatini. Tukaichaji usiku kucha. Ilikuwa bado imo ndani ya akaunti. Nilibadilisha namba mikono ikitetemeka.

Katika siku hizo kumi na tisa sikuwaza sana faili za wateja, maana nyingi zilikuwa pia kaunta. Niliwaza picha moja ya marehemu baba, amesimama Magu na fimbo yake, nyuma yake ng'ombe.

Baba alikuwa na ng'ombe wengi kuliko waliolala kwake. Wachache walilala nyumbani. Wengine walikuwa kwa rafiki yake Ngudu, wengine kwa shemeji yake Misungwi. Wasukuma wenzangu mnaijua hii. Anayekutunzia anakamua maziwa, analimia dume lako, na siku ya hesabu ndama anajulikana ni wa nani. Nikiwa darasa la tano ugonjwa uliingia zizini kwetu, ndani ya wiki mbili tukabaki na ng'ombe wawili. Mama alilia. Baba alipanda baiskeli kwenda Ngudu, akarudi kimya, akala ugali wake. Wa Ngudu walikuwa wazima.

Na wanadamu tunajuana: mtunzaji angeweza kuuza ng'ombe aseme amekufa. Ndiyo maana ng'ombe akifa, baba aliletewa ngozi. Bila ngozi, kuna kesi.

Nilipoanza kusoma hii hifadhi iliyogatuliwa nikacheka peke yangu, kwa sababu Filecoin, mtandao uliofunguliwa rasmi Oktoba 2020, una sheria ya ngozi. Unawalipa watu usiowajua wakutunzie faili, nao kila baada ya saa 24 lazima watoe uthibitisho wa kihesabu kwamba bado wanalo. Wakishindwa, wanakatwa katika dhamana waliyoweka. Storj nao wanakata faili vipande, wanavitawanya kwa watunzaji wengi, na wachache wao wakitoweka, vipande vilivyobaki vinatosha kulirudisha lote.

Nilijaribu kwanza IPFS, mfumo wa kompyuta za watu wengi kupeana faili, ulioanzishwa na Juan Benet na kampuni yake ya Protocol Labs. Huko faili halina anwani ya mahali lilipo. Anwani yake inakokotolewa kutoka kwenye yaliyomo, ukibadilisha nukta moja anwani inabadilika. Nilipenda. Ila nilidhani ukishaweka kitu huko kimewekwa milele. Sivyo. Kama hakuna kompyuta hata moja iliyoamua kukishikilia, kinafagiliwa taratibu na kutoweka. Tena, yeyote mwenye anwani anaweza kukichukua. Cheti cha mtoto wa mtu hakiwekwi pale kikiwa wazi, ni sawa na kukibandika kwenye nguzo ya umeme pale Buhongwa.

Nisiwaonee wenye mawingu. Amazon wanasema hifadhi yao ya S3, iliyoanza Machi 2006, imebuniwa isipoteze vitu kwa kiwango cha 99.999999999%. Wanaweka nakala katika majengo tofauti, wana majenereta, wana walinzi. Mimi nina mlango wa geti na mbwa wa jirani. Kompyuta yangu ya kaunta imewahi kunyeshewa. Kwa mtu mwenye simu moja tu, GB 15 za bure za Google ni msaada mkubwa, asidanganywe na mtu.

Lakini wingu nalo ni nyumba ya mtu, ina bati na ina nyaya. Machi 10, 2021, jengo la kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa, liliungua, na waliokuwa na nakala moja tu humo ndani hawakupata kitu. Na sisi wa huku, hata jengo lisipoungua, tuna hatari ya baharini. Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari zinazotuletea intaneti, EASSy na Seacom, zilikatika kwa wakati mmoja. Jumatatu asubuhi binti wa chuo alisimama kaunta, shikamoo yake yenyewe ina machozi, ripoti yake iko mtandaoni na mwisho wa kuwasilisha ni saa nane mchana. Kile kiduara kilizunguka mpaka nikaona kizunguzungu mimi. Bahati yake, wiki iliyotangulia aliniletea nimsahihishie kurasa, na nakala ilikuwa kwenye folda ya WATEJA. Tukarekebisha sura ya mwisho pale pale, tukabaindi.

Baada ya hapo ndipo nikafanya kama baba. Nilichukua laptopu yangu ya zamani iliyokufa kioo, nikaweka Syncthing, programu ya bure ambayo haina kampuni katikati: kompyuta zako zinatambuana na kupelekeana mabadiliko zenyewe, kwa njia iliyofungwa. Moja kaunta, moja nyumbani, na hiyo isiyo na kioo nikaipeleka Nansio, kisiwani Ukerewe, kwa kaka yangu. Kutuma GB 300 kwa bando ni wazimu, kwa hiyo nilizinakili kwanza kwenye laptopu yenyewe, nikaifunga kwenye kitenge, nikapanda nayo meli. Saa tatu hivi majini. Sijui mtandao wa Mwanza uliowahi kunipelekea mzigo ule kwa muda ule. Tangu hapo kinachosafiri hewani ni kile kilichobadilika tu.

Mtunzaji halisi si kaka, ni mkewe. Wifi yangu ndiye waifai yangu, utani huo umechakaa lakini siuachi.

Sasa mjue na ubaya wake. Mwezi wa tatu, kijana wangu wa dukani alifuta folda ya WATEJA akidhani anafuta njia ya mkato. Syncthing ni mtumishi mtiifu: umefuta hapa, inafuta na kule. Nilipofika nyumbani, kweupe. Ipo sehemu ya kuitaka itunze matoleo ya zamani, lakini lazima uiwashe mwenyewe, na mimi sikuiwasha. Nikampigia wifi.

"Wifi, umeme upo huko?"

"Hatuna tangu asubuhi."

"Ukirudi usiiwashe ile mashine! Nakuomba. Zima kwanza waifai."

"Ndiyo mimi huyo?"

"Wifi, sina utani leo!"

Betri ya laptopu ile ilishakufa, umeme ukikatika nayo inazima papo hapo. Ndiyo iliyoniokoa. Sijawahi kushukuru kukatika kwa umeme kabla wala baada ya siku ile. Mtoto wa kaka aliiwasha bila mtandao, akaunganisha na skrini ya televisheni, akanakili folda kwenye flashi, flashi ikaja kwa meli.

Ila ilikuja na maneno. "Shangazi," akaniambia kwenye simu, anacheka, "kumbe yule fundi simu wa Nyegezi alipata F ya hesabu?"

Nilikosa jibu. Nilikuwa nimelalamikia kampuni kubwa kwamba zinachungulia maisha ya watu, huku nimempa mtoto wa kidato cha tatu vyeti vya mtaa mzima. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inafanya kazi tangu Mei 2023, na inataka taarifa za mtu zitumike kwa kilichokusudiwa na zisikae kuliko inavyohitajika. Mimi nilikuwa na namba za NIDA za watu waliokwishahama mkoa.

Niliwasha mambo mawili: matoleo ya zamani, na ile njia ya Syncthing inayofanya mashine ya mbali ishike data iliyofungwa bila ya yenyewe kuweza kuisoma. Sasa Nansio kuna ng'ombe wangu ndani ya magunia. Nywila imeandikwa kwenye karatasi, imo kwa mama Magu, ndani ya Biblia ya Kisukuma, kwa sababu hii nikiipoteza hakuna hata ile fomu ya kujibiwa na mashine. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote katika upande huu, na vijana wa kugatua hawalisemi kwa sauti.

Folda ya WATEJA nimeipunguza. Namwambia mteja nunua flashi, nenda na chako. Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, alianzisha mradi wa Solid ambao kwangu ungefaa kuliko yote: mteja anakuwa na ghala lake la data, ananifungulia mlango niprinti, kisha anaufunga. Nyegezi bado sijamwona mwenye nalo. Tunayo flashi shingoni, na virusi vyake.

Wingu la kampuni sijaliacha, picha ya baba ipo huko pia. Wifi namtumia elfu tano kila mwezi ya luku. Yeye anaiita maziwa.

Juzi nilimwomba anipigie picha nione kama taa ya mashine inawaka. Inawaka. Juu yake amelala kuku, amejikunyata, maana laptopu ile ina joto. Nikamwambia amtoe. Akajibu hawezi, kuku ana mayai tisa chini yake na amebakiza siku nne.