Nilivyoiwezesha SQLite kugundua data iliyoharibika

Ushirika wetu wa maziwa unatunza lita za kila mkulima katika SQLite, programu ya hifadhidata inayoweka data yote kwenye faili moja, kwenye kompyuta ndogo inayotumia kadi ya kumbukumbu badala ya diski. Asubuhi moja mama mmoja alinijia na risiti: "Mwanangu, ng'ombe wangu wawili watoe wapi lita 50?" Daftari la karatasi lilisema 18. Tofauti ni 32, yaani biti moja tu (0 au 1 ambazo kompyuta huandikia namba) iliyogeuka. Nikaendesha PRAGMA integrity_check, amri ya ukaguzi ya SQLite, ikajibu ok. Amri hiyo hukagua muundo wa faili. Namba iliyoharibika ndani ya muundo usio na hitilafu inaipita bila kugunduliwa. Sikulala vizuri, maana watu wanalipwa kwa namba hizo.

SQLite husoma na kuandika faili kupitia tabaka liitwalo VFS, na tabaka hilo unaweza kuliongezea maktaba yako. Nilianza kuandika langu, nikakwama kwenye xRead, sehemu inayosoma faili: ukisoma kupita mwisho wa faili, lazima ujaze sifuri sehemu iliyobaki kabla ya kurudisha SQLITE_IOERR_SHORT_READ. Mimi sikujaza. Baada ya siku mbili za kuhangaika nikakuta cksumvfs.c ndani ya msimbo wa SQLite wenyewe, kwenye ext/misc. Hii ni VFS iliyokwisha kuandikwa: huweka alama ya ukaguzi ya baiti 8, inayokokotolewa kutokana na data, mwishoni mwa kila ukurasa (kipande cha faili).

Kuikompaili iwe maktaba kwa gcc -fPIC -shared kulikuwa rahisi. Kilichonisumbua ni mpangilio wa hatua. Upakiaji wa maktaba umefungwa kwa usalama, kwa hiyo kwenye Python unaanza na enable_load_extension. Tena maktaba haigusi muunganisho uliokwisha kufunguliwa: fungua kwanza :memory: (hifadhidata ya muda isiyo na faili), ipakie hapo, ndipo ufungue faili halisi.

Kwa faili la zamani unatenga nafasi kwa .filectrl reserve_bytes 8, kisha VACUUM, amri inayoandika upya faili lote pamoja na alama zake. Kabla ya hapo nililinganisha kila mstari na daftari, kwa kuwa VACUUM ingelipiga muhuri kosa lililokwishaingia.

Nikachukua nakala, nikabadilisha baiti moja kwa mkono, nikasoma jedwali. Badala ya namba ya uongo, likaja kosa la SQLITE_IOERR_DATA. Nilisimama kwa furaha. Kurekebisha haiwezi, kwa hiyo kila jioni nahifadhi nakala kwenye kadi nyingine. Mama yule nimempa risiti mpya: lita 18.