Kliniki ya kulipia taslimu Fort Worth

Jamaa zangu walioko Kenya huniuliza kuna jambo gani jipya katika kufungua kliniki ambamo mgonjwa huambiwa bei, hutibiwa, hulipa na kwenda zake, kwa kuwa kliniki za mtaani kwao zimekuwa hivyo siku zote. Huku Fort Worth, jimboni Texas, Marekani, mambo ni tofauti. Mgonjwa hutibiwa leo, bili humfikia baada ya wiki kadhaa, na katika muda huo kampuni ya bima na karani wa hospitali huwa wanavutana juu ya kiasi ambacho aliyetibu hakukijua na aliyetibiwa hakukikubali. Mimi ni PA (physician assistant, yaani msaidizi wa daktari anayetibu wagonjwa), kada iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1965 na inayokaribiana sana na afisa wa kliniki wa kwetu, na nilichoka kuulizwa "nitalipa pesa ngapi?" nikabaki sina jibu.

Kilichonisumbua katika kuanza ni sheria, wala si kupata wagonjwa. PA wa Texas anaweza kuingia ubia na daktari, lakini hisa zake lazima ziwe chache kuliko za daktari huyo. Kwa hiyo kliniki ambayo nimeikodia chumba na kuinunulia kila kitu, hadi mashine ya kupimia presha, ni mali ya daktari mwenzangu zaidi kuliko yangu. Juu ya hayo, upo mkataba wa maandishi unaonipa idhini ya kuandikia wagonjwa dawa, nao unatutaka tukutane angalau mara moja kwa mwezi kupitia kazi yangu. Vikao hivyo sivilalamikii, kwani jicho la pili husaidia. Kipengele cha hisa ndicho ambacho mpaka leo sijaona kinamlinda mgonjwa gani.

Jambo lililohitaji hesabu kali zaidi ni Medicare, bima ya serikali kuu inayowahudumia hasa watu wenye umri wa miaka 65 na kuendelea. PA aliyesajiliwa nayo haruhusiwi kumtoza mwanachama wake taslimu kwa huduma ambayo bima hiyo inagharamia. Akitaka kufanya hivyo, lazima ajiondoe kwa hati ya kiapo, na kujiondoa huko hudumu miaka 2 na humfuata kila anakofanya kazi, si katika kliniki yake tu. Mimi bado nashika zamu za wikendi hospitalini, na ndizo zinazolipa kodi ya nyumba; nikijiondoa, hospitali haitaweza kuidai Medicare malipo ya kazi yangu kwa wagonjwa wake pale. Basi nimebaki ndani, na wazee wenye Medicare nawaelekeza kwingine, jambo ambalo halinifurahishi hata kidogo.

Wanaokuja ni wale ambao bima haikuwafikia, nao ni wengi, maana Texas ndilo jimbo lenye sehemu kubwa zaidi ya wakazi wasio na bima Marekani. Wamo mafundi wa ujenzi, madereva wa teksi, na kundi moja ambalo sikulitarajia: akina mama waliotoka Kenya na Tanzania kuja kulea wajukuu, wakiwa na viza ya matembezi na vidonge vya presha vilivyokaribia kwisha. Mama wa namna hiyo hufika na kifuko cha nailoni chenye pakiti tupu, nami huzipanga mezani, nikalinganisha dawa na zinazopatikana hapa, nikampima na kumwandikia. Mashauriano ni dola 80. Akiwa na kisukari, namwambia kwamba metformin ya mwezi mzima huuzwa katika maduka ya Walmart kwa dola 4, na binti yake hutazama karatasi kana kwamba nimekosea tarakimu.

Tangu Januari 2022 sheria inatutaka tumpe mgonjwa anayejilipia makadirio ya maandishi, na bili ikizidi makadirio hayo kwa dola 400 au zaidi, ana haki ya kuipinga. Kwangu makadirio na bili ni karatasi ileile.

Wapo wanaoniambia kwamba sasa wataacha bima yao kabisa, na hao huwakatalia waziwazi. Kliniki yangu hutibu presha, kisukari, kikohozi na vidonda vya kushona. Mtu akipasuka kidole tumbo usiku, atahitaji chumba cha upasuaji, na bei ya huko siwezi kumkadiria.